Alikuwa Darasa la Ngapi? Kuandika Historia ya Elimu ya Wanafunzi Tunaowafuatilia

Somo la robo hii linahusu daftari. Huenda wengine watasema kuna mambo makubwa zaidi ya kuandikia, lakini tunaomba mvumilie kidogo, kwa sababu ni katika daftari hilo ambamo fedha za ada za mwaka ujao huamuliwa.

Kila mfadhili anayesaidia watoto kusoma hufika siku akauliza: wale watoto wa Uchindile tuliowalipia, wako wapi leo? Ni swali la haki. Jibu ambalo kamati nyingi huwa nalo ni la maneno mawili, "wamemaliza" na "wameacha". Waliomaliza wanahesabiwa upande mmoja, walioacha upande mwingine, na uwiano wa pande hizo mbili unakuwa hukumu. Ikionekana wasichana wengi wako upande wa walioacha, mjumbe mmoja atasimama kikaoni na kusema tuwasaidie wavulana, wao hawapotezi fedha. Mjumbe huyo hana nia mbaya. Anasoma tu kile alichoandikiwa.

Kwa hiyo tunataka kujifunza pamoja namna ya kuandika safari ya mwanafunzi ili isomeke miaka kumi baadaye, na watu ambao hawakumfahamu. Kazi hiyo watafiti huiita kuweka kodi, yaani kila jibu kupewa namba yake ili liweze kuhesabiwa. Kwa kuwa neno kodi kwetu linamkumbusha mtu mambo ya mapato, hapa tutasema kuweka namba.

Tulichojifunza kutoka Kagera

Hapa nchini tuna mfano mzuri wa kufuatilia watu wale wale kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walihoji kaya 915 mkoani Kagera, wakati ugonjwa wa ukimwi ulipokuwa umeuelemea mkoa ule, wakitaka kujua vifo vya watu wazima vinazifanya nini familia. Mwaka 2004 walirudi. Hawakurudi kuhesabu waliobaki vijijini tu, bali walimtafuta kila mtu aliyekuwa ameandikwa katika kaya zile, popote alipokuwa amehamia, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Walifanikiwa kuhoji watu kutoka zaidi ya kaya tisa katika kila kumi za mwanzo, na kwa kuwa watoto walikuwa wamekua na kuanza miji yao, kaya 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Walirudi tena mwaka 2010.

Mambo mawili yaliyotoka Kagera yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza, waliohama mkoa walikuwa wamepiga hatua kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki, na tofauti haikuwa ndogo: ongezeko la matumizi yao lilizidi la wenzao kwa asilimia 36 za ziada. Kama watafiti wangehoji waliokuwepo kijijini tu, wangeandika kwamba maisha yamesogea kidogo mno. Sasa tuitazame Uchindile. Ni kata ya milimani, pembeni kabisa mwa eneo ambalo leo ni Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, karibu na Mufindi. Kijana akimaliza shule anaweza kupanda kuelekea Makambako na Mbeya kwa njia ya TAZARA, au kushuka Mlimba na Ifakara, au kwenda Mufindi kwenye chai na mbao, au Kidatu kwenye miwa. Kamati inayoandika habari za wale inaowaona Jumapili kanisani inaandika habari za waliobaki. Mara nyingi waliobaki si wale ambao elimu iliwafikisha mbali.

La pili ni kuhusu yatima. Watafiti wa Kagera waliona kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15, alipokuwa mtu mzima alikuwa na upungufu wa mwaka mmoja wa shule kwa wastani akilinganishwa na wenzake, na kimo chake kilipungua karibu sentimita mbili. Mwaka mmoja tu! Hebu tufikiri. Kama dodoso lao lingekuwa na majibu matatu, "hakusoma", "msingi", "sekondari", mwaka huo mmoja usingeonekana kabisa. Aliyeishia darasa la tano na aliyemaliza la saba wote wangepewa namba moja. Hasara waliyoipata watoto wale ingekuwepo maishani mwao, lakini kwenye karatasi isingekuwepo, na hakuna mtu angeitafutia dawa.

Hata hapa bondeni kwetu kazi ya aina hii si ngeni. Tangu mwaka 1996 kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kimekuwa kikiandikisha watu wa vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga, wadadisi wakizipitia kaya tena na tena, wakati wa mwanzo ikiwa ni pamoja na kupima kama vyandarua vinaokoa watoto. Wazee wa vijiji hivyo wanawakumbuka wale vijana wa baiskeli. Nguvu ya kazi yao iko katika jambo dogo: kila mtu ana namba yake ya kudumu. Jina linaweza kubadilika akiolewa, akibatizwa au akihama, namba yake haibadiliki.

Usiandike alipofika, andika alikopita

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kuwa na safu moja tu ya elimu, "kiwango cha juu alichofikia", na kila mwaka mtu anafuta ya zamani na kuandika mpya. Safu hiyo inatuambia mtu alipo, haituambii alivyofika. Kwa utafiti wa muda mrefu tunashauri kila kipindi cha masomo kiwe na mstari wake: mwaka na mwezi alioanza, mwaka na mwezi aliotoka, shule gani, darasa gani, alitokaje. Akirudia darasa, ni mstari mwingine. Akikaa nyumbani miaka miwili, nao ni mstari, unaosema hakuwa shuleni na alikuwa akifanya nini.

Tuchukue mfano wa kufikirika, binti tutakayempa namba 017. Mwaka 2014 anamaliza darasa la saba na kuchaguliwa. Mwaka 2015 anaingia kidato cha kwanza. Mwaka 2016, akiwa kidato cha pili na kabla ya mtihani, anapata ujauzito na kuondolewa shuleni. Kuanzia hapo hadi 2018 yuko nyumbani, anauza maandazi na kulea mtoto. Mwaka 2019 anafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaomwezesha mtu ambaye hakupita mtihani wa kidato cha pili kufika kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka 2021 anafanya mtihani wa kidato cha nne na kufaulu. Mwaka 2022 anaingia chuo cha uuguzi.

Kamati iliyofunga daftari mwaka 2017 ilimwandika "ameacha". Kamati iliyofungua tena mwaka 2023 na kuandika kiwango cha juu tu ingemwandika "chuo", kana kwamba aliteleza moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Yote mawili yanaficha jambo muhimu kuliko yote kwa mfadhili, kwamba binti huyu alikuwa na miaka mitatu ambayo msaada mdogo, pengine ada ya mtihani na nauli, ungeweza kumrudisha mapema. Mistari sita inalionyesha jambo hilo.

Kuhusu sababu ya kutoka, tusichanganye "aliacha" na "aliondolewa". Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa katika shule ya serikali, naye hakuruhusiwa kurejea katika mfumo ule wa kawaida. Ilikuwa Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaweza kurudi shuleni. Kwa hiyo namba ya "kutoka kwa ujauzito" ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2023 hazina uzito mmoja, maana wa kwanza hakuwa na mlango wa kurudia na wa pili anao. Anayezijumlisha bila kuangalia mwaka anawalinganisha watu waliokuwa chini ya taratibu mbili tofauti.

Maneno yaliyobadilika maana

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Mzazi akiambiwa ataje elimu yake, atajibu kwa lugha ya wakati wake. Mzee aliyesoma zamani atasema aliishia darasa la nne, akimaanisha kwamba alimaliza hatua yote ya kwanza na mtihani wa la nne ukamkataa. Mwingine atasema darasa la nane, kwa sababu kabla ya shule ya msingi kuwa ya miaka saba kulikuwa na shule za kati zilizoishia la nane. Jirani yetu Kenya nako darasa la nane lilikuwepo chini ya mfumo ulioanza mwaka 1985, lakini hilo ni la nane jingine. Nchini Uganda mtu atasema P7, kisha S1 hadi S6. Mdadisi asiyejua haya ataandika namba 8 kwa wote wawili, na kompyuta haitauliza ni la nane la wapi.

Kuna mama atakayesema "nilisoma kisomo". Kisomo ni elimu ya watu wazima iliyopata nguvu baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huyo anajua kusoma na pengine ni katibu hodari wa jumuiya, lakini hakukaa darasa la kwanza hata siku moja. Apewe namba yake ya pekee. Tusimtie kwenye "hakusoma", tusimtie kwenye "msingi". Hali kadhalika mtoto aliyepitia MEMKWA, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya watoto waliokosa kuandikishwa kwa umri wao.

Wapo pia walimu wa UPE. Serikali ilipoamua kila mtoto aandikishwe, utekelezaji ukaanza kwa kishindo mwaka 1977, walimu hawakutosha, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Mtu wa namna hiyo elimu yake ya shule ni darasa la saba na kazi yake ni mwalimu. Tukiwa na safu moja, mdadisi atalazimika kuchagua, na mmoja atachagua "msingi" na mwenzake "chuo". Dawa ni kutenganisha. Safu ya shule iwe ya shule, na safu ya mafunzo ya kazi iwe nyingine, humo ndimo vitaingia ualimu, VETA, chuo cha maendeleo ya wananchi, ushonaji kwa masista na kadhalika.

Tena kuna neno "nilifeli". Neno hili limetuumiza. Kabla ya shule za kata kuenea chini ya mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto aliweza kupata alama nzuri za darasa la saba na bado asichaguliwe. Nyumbani akaambiwa amefeli, naye akaamini, na leo akiwa na miaka arobaini ukimuuliza atakujibu "nilifeli la saba". Ukweli ni kwamba hakuchaguliwa. Kwa hiyo tunashauri maswali mawili mahali pa moja: alifanya mtihani? na je, alichaguliwa? Neno feli lisiwemo kwenye dodoso kabisa, kwa miaka ile.

Na mabadiliko hayajaisha. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 linaitaja elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Watoto watakaomaliza kwa utaratibu huo watakuwa wamehitimu, ingawa kwa hesabu ya miaka watakuwa nyuma ya kaka zao waliomaliza la saba. Ndiyo maana tunaandika vyote viwili, idadi ya madarasa na kama alihitimu hatua hiyo. Shirika la UNESCO lina mpangilio wake wa kimataifa wa viwango vya elimu, uliorekebishwa mwaka 2011, na wafadhili wengine hupenda taarifa ziwe katika viwango hivyo. Si vibaya. Ila viwango hivyo vihesabiwe mwishoni kutoka kwenye majibu ya asili. Ukianza na kiwango, huwezi kurudi nyuma ukajua mtu alisoma nini.

Namba zenyewe

Tusizifanye ngumu. Kwa mfano, 11 hadi 17 kwa darasa la kwanza hadi la saba, 18 ikiachwa kwa la nane la zamani, 21 hadi 26 kwa kidato cha kwanza hadi cha sita, 31 kisomo, 32 MEMKWA, na nafasi nyingine ziachwe wazi, maana litatokea jambo ambalo hatukulifikiria. Namba ikishatolewa isibadilishwe maana. Mpango ukibadilika, toa namba mpya na uandike tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Uangalifu mkubwa unahitajika kwa majibu yasiyo majibu. Kuna mtu asiyejua, kuna aliyekataa kusema, kuna ambaye swali halimhusu, na kuna ambaye mdadisi alisahau kumuuliza. Hao ni wanne, si mmoja. Wengi huwawekea 99 wote na kuendelea. Zaidi ya kupoteza habari, namba hiyo ina hatari ya hesabu. Chukua watu kumi. Tisa wamesoma miaka saba na wa kumi hajulikani, kaandikiwa 99. Mtu akiiambia kompyuta itafute wastani bila kuitahadharisha, atapata miaka 16.2. Kijiji kizima kimefika chuo kikuu kwa sababu ya mtu mmoja asiyejulikana!

Jibu lenyewe kwa maneno ya mhojiwa liandikwe pia, pembeni ya namba. Linachukua nafasi, ndiyo. Lakini namba ikitiliwa shaka baadaye, maneno yake ndiyo shahidi pekee atakayebaki.

Kisha, watu wawili waweke namba kila mmoja peke yake, kwa madodoso yale yale, halafu walinganishe. Katika madodoso 50 wakikubaliana 46, yale manne yasitupwe. Mara nyingi utakuta yote manne yanahusu swali moja lililoandikwa vibaya, na kulirekebisha swali hilo kunaponya mamia yatakayofuata.

Anapobadilisha maneno

Mwaka wa kwanza alisema aliishia kidato cha tatu, mwaka wa tano anasema alimaliza cha nne. Tusikimbilie kumwita mwongo. Inawezekana alirudi kumalizia. Inawezekana mara ya kwanza alijibu dada yake. Inawezekana aibu imeingia. Jibu la zamani lisifutwe. Jipya liwekwe kwenye mstari wake na tarehe ya mahojiano, na jina la aliyejibu kama si mhusika. Kisha aulizwe kwa upole, akitajiwa matukio ya kumsaidia kukumbuka: ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999? Kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Wakati wa pantoni, au baada ya daraja la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018? Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo.

Mahali nako kuna mitego. Daftari la zamani linasema Wilaya ya Kilombero, la sasa linasema Mlimba, na mtu hajahama. Parokia za upande huu zilikuwa chini ya Jimbo la Mahenge hadi Jimbo la Ifakara lilipoundwa mwaka 2012. Asiyejua atahesabu uhamaji ambao haukutokea.

Kuhusu kuwatafuta walioondoka, wenzetu wa Busia, magharibi mwa Kenya, wametupa njia inayofaa kwa mfuko mdogo. Huko, mwaka 1998 ulianza mpango wa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, na wanafunzi wale wanafuatiliwa mpaka utu uzima. Kwanza wanatafutwa wote kwa njia za kawaida. Wanaobaki bila kuonekana, inachaguliwa sehemu yao kwa kura, na hao wachache wanatafutwa kwa nguvu zote, hata nje ya nchi. Kila mmoja wao anawakilisha wenzake ambao hawakufuatwa. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba wasichana waliopata dawa mapema walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban robo, wa kuingia sekondari. Mwanzoni kabisa mwa mpango hakuna aliyeweza kuliona hilo, maana walikuwa bado watoto wa shule ya msingi.

Daftari linawekwa wapi?

Mambo tunayoandika ni siri za watu. Nani alipata ujauzito, nani alifiwa na wazazi, nani alifungwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, jambo hili si la hiari tena. Mhusika aelezwe kwa nini anaulizwa na aridhie, na akikataa msaada wake usiguswe. Orodha ya majina na namba iwe kitabu kimoja, historia za elimu zenye namba tu ziwe kitabu kingine, na viwili hivyo visikae kabati moja. Taarifa itakayosomwa kikaoni au kutumwa kwa wafadhili itoke katika kitabu cha pili pekee. Wafadhili wapendwa, mkiletewa 017 badala ya jina na picha, msidhani mnafichwa. Binti huyo leo pengine ni muuguzi wa mtu, na mgonjwa wake hana haja ya kujua ya mwaka 2016.

Kamati zinazotaka kuanza, tunaomba zisianze na wanafunzi wote wa miaka yote. Chagueni mwaka mmoja, tuseme waliolipiwa ada kwa mara ya kwanza mwaka 2010, orodhesheni wote bila kumruka hata yule ambaye kamati inaona aibu kumtaja, na mpeni kila mmoja namba. Katibu aache kurasa mbili kwa kila mtu. Waliohama, andikeni jina la ndugu aliyebaki anayejua walipo, pamoja na simu yake, kwenye kile kitabu cha kwanza.